Mguu wa Dada Yangu Ulikuwa Mzima, Mimi Nilikuwa Juu ya Farasi

Mama Yunia mpendwa,

Nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi nilicheka mwanzoni na sasa sicheki tena, na shida yenyewe nikimwambia mtu hapa kwetu Ndanai itafika sokoni kabla yangu, kwa hivyo nimeona afadhali nikuandikie wewe usiyenijua, unisaidie.

Mimi ni nesi mstaafu. Nimezalisha akina mama katika kituo cha afya mpaka nikaanza kuzalisha wasichana ambao niliwapokea mwenyewe wakizaliwa. Nilipostaafu walinikatia keki, wakanifunika blanketi mabegani, wakasema, mama, sasa pumzika. Nikapumzika. Mama Yunia, sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Nakamua ng'ombe, nachemsha chai, nafagia mahali palipofagiwa, natazama barabara, na jua bado halijapanda. Watu wakaona nina nafasi wakaanza kuniletea vitu nikae navyo, binti yangu Judy akaniletea wajukuu, jirani akaniletea kuku wake akienda matanga, kanisa likaniletea ufunguo wa stoo, nikawa mlinzi wa vitu vya watu, na wajukuu wakiniita kogo nageuka kutafuta huyo bibi kizee anayeitwa ni nani.

Mume wangu anaitwa Noah. Alikuwa dereva wa lori la majani chai hadi alipostaafu, na sasa ni mzee wa kanisa na ndiye anayeendesha gari la kanisa. Ni mtu mzuri. Maneno yake ni machache, akikuambia "sawa" ujue hiyo ni hotuba.

Sasa, nina dada anayeitwa Chepchirchir, ameolewa Kipkelion. Mwaka uliopita wakati wa mvua aliteleza kwenye tope la zizi akaumia mguu, na hiyo ni kweli kabisa, nilimfunga mwenyewe. Noah akasema nenda ukamsaidie shemeji, mimi nitabaki na ng'ombe. Nikaenda. Siku ya kwanza nikiwa nafua nguo nje nikasikia nyuma ya ua mtu akipumua kwa pua, pffrr, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana, nikaacha nguo ndani ya maji nikaenda kuchungulia.

Walikuwa farasi wawili. Wa jirani anayeitwa Seth, ambaye huwakodisha kwa maarusi, na Krismasi watoto hupigwa picha juu yao. Mmoja ni jike mweupe anayeitwa Chelel.

Lazima nikueleze kwamba marehemu baba yangu, mzee Kiptanui, alikuwa saisi katika shamba moja kubwa la chai kule Kericho, kazi yake ilikuwa kulisha, kuosha na kufanyisha mazoezi farasi wa meneja, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa alinichukua mimi. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai tulikuwa tunapita katikati, yeye na wake, mimi na wangu, hakuna anayeongea. Halafu meneja akahama na farasi wakauzwa, mimi nikaenda shule ya bweni, nikawa nesi, nikaolewa, nikazaa, na hiyo habari nikaiweka mahali mtu huweka nguo za utotoni.

Seth aliponiona kwenye ua akafikiri ninataka picha.

"Karibu mama. Picha ukiwa umesimama kando au umekaa?"

"Sitaki picha. Nataka kupanda."

"Kupanda, kwenda wapi?"

"Pale juu na kurudi."

Akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Mama, nisikukosee heshima. Una umri gani?"

"Umri wa kushikiwa farasi nikipanda. Wewe shika."

Nilipandia juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yakilia kama mlango mbovu, dada yangu ameketi kwenye kigoda na mguu wake uliofungwa akicheka mpaka anafuta machozi. Lakini nilipokaa pale juu, Mama Yunia, miguu ilikumbuka. Sikuifundisha. Mgongo ukanyooka wenyewe, mikono ikajua mahali pake, na Chelel akaanza kutembea nikaona milima ya kule Londiani kutoka mahali pa juu, nikajisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Mguu wa dada ulipona haraka. Na hapo ndipo nilipokosea, maana sikumwambia Noah kwamba umepona. Aliniuliza, "Shemeji anaendeleaje?" nikasema, "Pole pole," akasema, "Basi rudi ukamwone," na mimi nikarudi, na wiki iliyofuata vivyo hivyo, kila Ijumaa nabeba kikapu, na ndani ya kikapu chini ya sukuma wiki nimeficha suruali yake ya kahawia, kwa sababu huwezi kupanda farasi na sketi, na kanisani kwetu mama kuvaa suruali si jambo dogo. Alikuwa akiitafuta hiyo suruali. Nikamwambia labda panya.

Siku moja Chelel alishtuliwa na pikipiki, nikaanguka, kifundo cha mkono kikavimba. Nyumbani nikasema ndama alinivuta kwa kamba. Kesho yake asubuhi nikaona zizi liko wazi, Noah amempeleka yule ndama kwa ndugu yake Siongiroi, ati hawezi kukaa na mnyama anayeumiza mke wake. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu nikamwuliza kama anataka chai.

Yeye kumbe amepeleka jina la dada yangu kanisani aombewe. Akina mama wakahesabu wiki ambazo nimekuwa nikienda, wakasema huu mguu si mguu wa kawaida, twende tukamfariji huyo dada, na tusimwambie mwenzetu, tumshtukize. Wakashtukiza kweli.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimefika na Chelel hadi kwenye reli ya zamani. Tukirudi, nikaona kutoka juu gari la kanisa limesimama kwa dada yangu. Nilidhani labda kuna msiba, kwa hivyo badala ya kujificha nikamhimiza farasi, tukashuka mbio. Niliyokuta ni haya. Akina mama kumi na zaidi wamefunga vitambaa vya buluu, wamebeba unga na sukari na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, wanaimba pambio la wagonjwa. Dada yangu alikuwa juu ya ngazi akitoa mahindi ghalani, naye aliposikia wimbo alishuka mbio kwa miguu yote miwili akawakimbilia kuwasalimia. Ndipo mimi nikaingia langoni juu ya farasi mweupe, nimevaa suruali ya mzee wa kanisa.

Wimbo ulikufa sauti moja moja. Chelel akaenda moja kwa moja kwenye kikapu cha sukari.

Noah akanitazama. Akatazama suruali. Akatazama mguu wa dada yangu. Halafu akasema kwa adabu kabisa, "Shemeji, pole kwa mguu."

Dada akasema, "Asante, umepona."

"Naona," akasema, akaenda kukaa ndani ya gari.

Akatuendesha sote mpaka nyumbani. Tulipokuwa wawili nikamwambia, "Baba Judy, nitaacha farasi."

"Sijakwambia uache."

"Sasa unataka nini?"

Akavua kofia akaishika mkononi. "Nimekuwa nikimwombea shemeji kila asubuhi, nimepiga magoti. Na wewe umepiga magoti hapo kando yangu, unasema amina."

Akachukua ndoo akaenda kukamua.

Tangu siku hiyo hagombi. Ananisalimia, anakula ninachopika, anasema asante. Lakini asubuhi, yeye ambaye tangu tuoane huomba kwa sauti mimi nikisikia, sasa anaomba kimoyomoyo. Mama Yunia, ningependa anipigie kelele.

Judy amepiga simu kutoka Nakuru, anasema nimewaaibisha, ati kuna video. Mtoto wetu Kipkorir anasema nikianguka tena nitavunja nyonga na hapo ndipo mwisho. Akina mama kanisani wengine hunyamaza nikiingia, isipokuwa Janefer, mke wa mwenye duka la mbolea, aliyenivuta nyuma ya stoo akaniuliza kama naweza kumfundisha, lakini bwanake asijue.

Naomba uniambie, niache farasi? Nikiacha, Noah atarudi kuwa kama zamani? Na mtu asiyegomba huombwaje msamaha?

Mama wa Farasi, Ndanai.

*

MAMA YUNIA ANAJIBU

Mama wa Farasi, umeniomba nisicheke. Nimecheka. Nilipofika kwa "Shemeji, pole kwa mguu" ilibidi niweke barua chini nikanywe maji. Halafu nikafika kwenye ile amina, na kicheko kikaisha, kama kilivyokuishia wewe.

Unaniuliza kama uache farasi. Nani amekuambia uache? Nimesoma barua yako mara mbili nikimtafuta huyo mtu. Mumeo amekwambia kwa mdomo wake, yeye ambaye kwake neno ni kitu adimu, kwamba hajasema uache. Wewe hukumsikia kwa sababu ulikuwa umeshaamua atasema nini tangu ile Ijumaa ya kwanza. Hebu nikuulize: ni siku gani ulimwambia Noah, "Nimepanda farasi leo, na nimefurahi," naye akakataa? Haipo. Ulimhukumu mzee wa watu bila kesi, ukamfungia nje ya jambo zuri kuliko yote yaliyokupata tangu ustaafu. Hilo ndilo linalomuuma. Uliokosa ni mdomo wako, nawe unataka kumwadhibu farasi. Tayari ndama mmoja yuko uhamishoni Siongiroi kwa kosa ambalo hakulifanya. Wanyama wa boma lako wamekukosea nini?

Sikusimangi kwa kupanda. Nilifika huku kwenye chai nikiwa bibi harusi kutoka Kisii, nikachuma majani mpaka vidole vikawa na rangi yake, na nimeona wanawake wengi wakistaafu. Tunaambiwa tupumzike, maana yake tukae mahali tutakapopatikana upesi mtu akihitaji wa kumwachia mtoto. Wewe umepata mahali ambapo mgongo wako unanyooka. Pashikilie. Mtu aliyepokea kizazi kizima cha Ndanai kwa mikono yake hahitaji ruhusa ya video.

Lakini mama, umemdanganya mtu akiwa amepiga magoti. Hapo sina utani.

Kwa hivyo sikia. Mtafute Noah mchana, mkiwa kazini, mikono ikiwa na shughuli, kwa maana wanaume wa maneno machache husikia vizuri zaidi wakiwa hawatazamwi. Usimpikie kuku kwanza. Usiseme "kama nimekukosea." Sema: nilikudanganya. Mguu ulipona zamani. Suruali niliichukua mimi. Ndama hakunivuta. Nilisema amina nikijua. Sema yote kwa mara moja, kwa sababu uongo ukiungamwa nusu, ile nusu iliyobaki huzaa. Halafu unyamaze. Usimdai jibu siku hiyo. Yeye ana mwendo wake, nawe uufuate.

Kisha kanisani. Wale akina mama walibeba unga kutoka Ndanai hadi Kipkelion kwa ajili ya mguu mzima. Simama mbele yao, useme, uombe radhi, ukae. Watakuchekea, na wewe utawaacha wacheke, hiyo ni haki yao. Ndama arudi kwao wiki hii. Nunua suruali yako mwenyewe.

Kipkorir, pamoja na hofu yake, ana hoja. Wewe ni nesi, usijifanye hujui mifupa ya umri wetu. Nenda upimwe, na usipande tena bila kofia ngumu ya kichwani, na mahali pa pikipiki upaache. Judy mwambie hivi: aibu ya video hupita, na akitaka mtu wa kumlelea watoto kila wikendi, mama yake ana shughuli. Janefer usimguse mpaka mumewe ajue. Umeshaona njia hiyo inafikisha wapi.

Na ukishamaliza yote, mwombe Noah akupeleke Kipkelion. Si ili akupe ruhusa. Ni ili aone. Wengi tunaficha furaha zetu tukidhani tunalinda amani ya nyumba, kumbe aliye ndani ya nyumba angetaka tu kuitwa aje aangalie. Mwite.

*

Baada ya barua hiyo na jibu lake kuchapishwa, ofisi ilipokea hii, kwa mwandiko mwingine.

Kwa Mama Yunia.

Mimi ndiye Baba Judy. Gazeti hufika hata Ndanai. Nilikuwa kwa kinyozi, Mochama akiwa ananinyoa na mteja mwingine anasoma kwa sauti, na sisi sote tulikuwa tunacheka sana, mpaka akafika pale pa dereva wa lori la majani chai ambaye ni mzee wa kanisa. Akaacha kusoma akanitazama. Mochama naye akasimamisha mashine. Nikamwambia, malizia kichwa, na wewe soma, nataka kujua huyo mama alijibiwaje.

Sikukasirika. Mama Judy alikuwa ameniambia yote siku chache kabla, tukichuma majani chai, yeye mstari wake na mimi mstari wangu. Sijui kama ulimtumia jibu lako kabla halijatoka gazetini au aliamua mwenyewe. Nilimwambia sawa. Niliona anangoja neno jingine. Lilikuja siku ya tatu, nikamwuliza kwa nini alidhani ningekataa. Akasema hajui. Na mimi nikajiuliza, nikaona labda kwa miaka mingi sijasema mambo mengi ninayoyakubali. Nimekuwa nikisema tu ninayoyakataa. Hilo ni langu, nimelichukua.

Kanisani alisimama akasema. Walicheka, wengine wakapiga makofi. Mchungaji akasema tumshukuru Mungu kwa mguu uliopona hata kabla hatujamaliza kuomba.

Juzi nilimpeleka Kipkelion. Nilisimama kwenye ua wa Seth na shemeji. Mama alipanda na ile kofia ngumu, Kipkorir ndiye aliyeituma, akaenda mpaka juu ya kilima hata hatukumwona. Nilikuwa na wasiwasi, sitaficha. Halafu akatokea akishuka. Nimemjua mama huyu tangu akiwa msichana wa chuo cha unesi. Nimemwona akicheka na watu wengi, na wagonjwa, na watoto, na mimi pia. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka akiwa peke yake. Alikuwa hajui kama tunamwona.

Alipofika akasimamisha farasi mbele yangu, anahema, akaniuliza, "Umeonaje?"

Nikatafuta neno. Nikamwambia, "Ile kona ya chini, pale penye mti ulioanguka, unaingia haraka mno. Mtu hupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake."

Shemeji akanipiga kiwiko. Lakini mama akatabasamu, akageuza farasi akarudi juu kilimani. Akashuka tena.

Mara ya pili aliingia vizuri sana. Nikamwambia hivyo.

Noah, Ndanai.